Mlangoni mwa Hekalu la Jirani

Je, Mkristo anaweza kuingia katika hekalu la imani nyingine, akatazama, akatoka, asiwe amemkosea Mungu wala jirani yake? Zamani swali hili liliwahusu wachache. Leo vijana wa sharika zetu wanakwenda kusoma na kufanya kazi katika nchi za mbali, na hata asiyesafiri ana simu inayomletea mahekalu ya dunia nzima kiganjani. Sisi wachungaji tulidhani jibu tunalo. Kisha tukalazimika kuliishi kwa siku chache katika kisiwa cha Bali, tukagundua kwamba tulikuwa na nusu yake tu.

Bali ni kisiwa cha nchi ya Indonesia, kusini mwa Ikweta, karibu sawa na ilivyo Mbeya. Minazi ipo, migomba ipo, embe na papai vipo. Wananchi wengi wa Indonesia ni Waislamu, lakini watu wengi wa Bali ni Wahindu, na Wakristo ni wachache sana. Kanisa la Kiprotestanti la huko, pamoja na baadhi ya dayosisi zetu za KKKT, ni wanachama wa ushirika mmoja wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani. Kwa undugu huo tulialikwa kwenye semina, na wenyeji wetu wakatutengea siku mbili za kukiona kisiwa. Tulipewa gari, dereva ambaye ni Mhindu, na mama mmoja, shemasi wa kanisa lao, awe mkalimani wetu.

Siku ya kwanza tulishushwa penye bonde la Tampaksiring. Tuliteremka ngazi nyingi za mawe hadi mtoni, na hapo tukaona madhabahu ndefu zilizochongwa ndani ya jabali lenyewe, kila moja ikiwa na kimo cha mita saba hivi. Ni kazi ya karne ya 11. Watu waliopasua mwamba ule kwa patasi walikuwa wamekufa karne kadhaa kabla Martin Luther hajazaliwa. Tulisimama kimya. Si kimya cha ibada, bali cha mtu anayeona kazi ya mikono ya watu wenye bidii.

Hapo karibu lipo hekalu la chemchemi liitwalo Tirta Empul, ambalo asili yake hutajwa kuwa mwaka 962. Maji safi yanabubujika kutoka ardhini na kupita katika mifereji ya mawe hadi kwenye birika kubwa. Mlangoni kila mgeni hufungwa shuka kiunoni na mshipi juu yake. Tulivaa, tukacheka kidogo, maana tulifanana na wavuvi wa Tanga. Watu walikuwa wameingia majini wakiwa na nguo zao, wanainamisha vichwa chini ya mfereji mmoja, wanaomba, wanahamia mwingine. Mama shemasi alitueleza kwamba ipo mifereji miwili ambayo walio hai hawaitumii. Hiyo ni ya ibada za wafu. Wakati anaeleza, watalii wawili walijisogeza pale pale chini ya mifereji ya wafu, wakapigana picha huku wakichekelea. Hakuna aliyewafukuza. Watu waliokuwa wakiomba waligeuza tu nyuso zao.

Sisi tulitikisa vichwa kwa masikitiko, tukajiona bora. Tuliambiana juu ya watalii ambao mwaka 2023 walirudishwa makwao kutoka Bali kwa kupiga picha za utupu penye mlima na mti ambao wenyeji wanauheshimu. Lakini jioni, tukiwa tumekaa na chai, mmoja wetu alitoa simu yake. Alikuwa amempiga picha za video bibi mmoja aliyekuwa akilia chini ya maji, kinywa wazi, nywele zimemfunika uso. Tuliipokezana ile simu. Tukacheka. Mama shemasi alipofikiwa na zamu yake, hakucheka. Aliitazama mpaka mwisho, akairudisha, akasema, "Sijui anamlilia nani. Inawezekana ni mtoto wake."

Hatutamtaja mwenye simu, kwa kuwa kicheko kilikuwa cha wote.

Usiku ule tulilisoma tena Neno la Mungu katika Matendo ya Mitume, sura ya 17. Mtume Paulo alikuwa katika mji uliojaa sanamu, na Maandiko hayafichi kwamba roho yake ilichukizwa. Lakini angalieni alichofanya na chukizo hilo. Alitembea. Alitazama vitu vya ibada yao kwa makini, hata akakuta madhabahu moja yenye maandishi, akasoma maandishi yale, akayakumbuka. Aliposimama mbele ya wazee wa mji hakuanza kwa dhihaka. Alianza kwa kukiri kwamba wao ni watu wa dini sana. Kisha aliwahubiria waziwazi juu ya toba, hukumu na ufufuo. Paulo hakupunguza Injili hata kidogo, na hakumcheka mtu. Sisi tulikuwa tumeshindwa yote mawili kwa siku moja: hatukuhubiri, na tulicheka.

Siku ya pili ilituletea jambo zito zaidi, nalo lilikuja katika umbo la tunda.

Tulikuwa tunaelekea Jatiluwih, penye mashamba ya mpunga yaliyojengwa kama ngazi kwenye mteremko wa mlima. Njiani dereva alisimama kivulini, akafungua kikapu, akatukaribisha tunda lao moja lenye ganda kama ngozi ya nyoka, ambalo ndani ni jeupe na tamu. Kwa uso wa furaha alisema kupitia kwa mkalimani kwamba matunda yale yalitolewa asubuhi kwenye madhabahu ya nyumbani kwake, na sasa ni baraka ya kula pamoja na wageni. Mmoja wetu alikuwa ameshaanza kumenya, akamaliza, akala. Mwingine aliusukuma mkono wa dereva, akasema kwa Kiswahili, "Mpe shetani wake." Dereva hajui Kiswahili. Lakini lugha ya mkono uliosukumwa inajulikana kila mahali. Alifunga kikapu, akaendesha gari kimya.

Nani alikuwa sahihi? Tulibishana kwa Kiswahili ndani ya gari, kana kwamba wenzetu hawapo. Mmoja alisema sanamu si kitu duniani, kwa hiyo tunda ni tunda. Mwenzake alisema hatuwezi kushiriki meza ya Bwana na meza nyingine. Wote wawili walikuwa wakimnukuu Mtume yule yule katika waraka ule ule wa kwanza kwa Wakorintho! Ndiyo maana haifai kushika mstari mmoja na kuukimbilia. Katika sura ya 10 Paulo analiangalia jambo hili pande zote. Kinachouzwa sokoni, kuleni bila kuulizauliza. Ukialikwa nyumbani kwa mtu asiyeamini, kula unachoandaliwa. Lakini mtu akikuambia kwamba kitu hiki kimetolewa sadaka, basi usile; na sababu anayoitoa Paulo inashangaza. Anasema usile kwa ajili ya yule aliyekuambia, kwa ajili ya dhamiri yake yeye, si yako.

Kwa hiyo aliyekula alikosea, hata kama elimu yake juu ya sanamu ilikuwa sawa. Dereva alisema wazi tunda lile lilikuwa nini kwake. Kulila kimya ni kumwambia kwamba tumepokea kile anachoamini, na huo si ukweli. Na aliyekataa alikuwa na haki ya kukataa, lakini alikataa kwa namna iliyoikanusha sababu yenyewe ya kukataa. Paulo anataka tujizuie kwa kumjali jirani. Ndugu yetu alijizuia kwa kumdharau.

Mama shemasi alikuwa ameelewa, ingawa hakujua maneno. Tulipofika Jatiluwih na kukaa kwenye kibanda kinachotazama mashamba, alitusimulia habari za mama yake mzazi. Mama huyo bado ni Mhindu. Iko sikukuu yao kubwa iitwayo Galungan, inayorudi kila baada ya siku 210 kwa kalenda yao, na familia nzima hukusanyika. "Mama yangu anaamka usiku kupika," alisema. "Kabla hajapeleka chakula madhabahuni, anatenga sahani yangu kwanza na kuifunika. Hajawahi kuniuliza kwa nini sili kilichotolewa. Alijua tu kwamba Bwana wangu hanipi ruhusa, na hakutaka nikae na njaa katika nyumba niliyozaliwa."

Ndugu zetu washarika, tulinyamaza. Mama asiyeisoma Biblia alikuwa akiilinda dhamiri ya Mkristo. Jambo ambalo Mtume alituagiza sisi tulifanye kwa ajili yao, yeye alikuwa akilifanya kwa ajili yetu, usiku, peke yake jikoni, kwa miaka mingi.

Hatusemi hivyo ili mtu afikiri kwamba dini zote ni njia moja. Hatuamini hivyo, na wenyeji wetu Wakristo wa Bali hawaamini hivyo. Wao wamelipa gharama. Mashamba tuliyokuwa tukiyatazama pale Jatiluwih yanategemea mfumo uitwao subak, ambao mwaka 2012 uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Wakulima wa bonde moja wanagawana maji ya mfereji mmoja, wanapanga pamoja siku za kupanda, na mfumo mzima umefungamanishwa na mahekalu ya maji, kama lile maarufu la karne ya 17 lililoko kwenye ziwa Bratan. Sisi tuliozaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro tulielewa haraka, maana babu zetu nao walikuwa na mifongo, na wazee wa kugawa maji, na siku ya wote kwenda kuzibua. Ukijitenga na mfongo unajitenga na ukoo.

Basi fikirini yaliyowapata Wabali waliobatizwa kuanzia mwaka 1931. Walipoacha ibada za hekalu walionekana wameacha kijiji. Baadhi yao walinyimwa maji ya mashamba. Mwaka 1939 kundi la familia hizo lilikwenda kuanza upya magharibi ya kisiwa, katika msitu ulioogopwa, wakafyeka kwa mikono na kukijenga kijiji cha Blimbingsari. Kwao Amri ya Kwanza haikuwa swali la mtihani wa kipaimara. Ilikuwa mpunga unaokauka shambani.

Jumapili tulisali nao Blimbingsari. Tulitazamia kuona kanisa lenye mnara kama makanisa yetu ya wamisionari. Tulikuta lango la mawe lililopasuliwa katikati kwa mtindo wa Kibali, paa la ngazi ngazi, bustani yenye maji yanayotiririka, na vyombo vya shaba vya gamelan vikipigwa kuitikia ibada. Mwanzoni haikuwa hivyo. Waongofu wa kwanza, wengine wao wakiwa wamebomoa madhabahu za nyumbani kwao, walikataa karibu kila kitu cha Kibali, ngoma na uchongaji pamoja. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1970 chini ya uongozi wa I Wayan Mastra, kanisa lilianza kutenganisha. Lilitambua kwamba ufundi wa kuchonga jiwe na wa kupiga shaba ni karama ya Muumba kwa watu wa Bali, na kwamba Kristo anaweza kuabudiwa kwa mikono hiyo hiyo. Sisi pia tunayo historia hiyo. Babu zetu wengine waliambiwa kila ngoma ni dhambi. Na huko Old Moshi alikuwapo mmisionari Bruno Gutmann aliyeona thamani katika ukoo, ujirani na rika za Wachaga. Kutenganisha kitu na kitu ni kazi ngumu kuliko kukataa vyote au kukubali vyote, na inahitaji muda.

Sasa tuseme neno juu ya milima, maana huenda mtu anasema: yaacheni mahekalu, si afadhali kutazama uumbaji, ambao hauna mgogoro? Tuliutazama. Kutoka ukingo wa Kintamani tuliliona ziwa chini, mlima Batur ukiwa na alama nyeusi za lava, na kwa mbali mlima Agung wenye zaidi ya mita 3,000. Tuliimba wimbo wa sifa, na hatujutii. Lakini mwaka 1963 Agung ule ulilipuka na kuua watu zaidi ya elfu moja. Lava ilipita karibu na hekalu kubwa la Besakih, lililoko mlimani hapo, bila kuliangamiza, huku vijiji vya chini vikiteketea. Je, mlima unasema nini juu ya Mungu? Ukimuuliza mtalii penye mawingu ya asubuhi, atakuambia Mungu ni mzuri. Ukimuuliza mjane wa mwaka 1963, atajibu nini?

Luther alilisema jambo hili huko Heidelberg mwaka 1518. Alifundisha kwamba anayetaka kumjua Mungu kwa kutazama vitu vilivyoumbwa peke yake hajafika. Mungu anajulikana katika mateso na msalaba wa Kristo. Uumbaji unatuambia kwamba Muumba yupo na kwamba ana nguvu. Hauwezi kutuambia kama anatupenda. Hilo tuliambiwa Golgotha. Kwa hiyo hata mtazama milima anahitaji Injili, sawasawa na mwabudu sanamu. Hili lilitunyenyekeza: tulikuwa tunajidhani salama pale tulipogeuzia hekalu mgongo na kuutazama mlima.

Turudi kwenye swali letu. Tunaloweza kujibu ni hili: mlangoni mwa hekalu la jirani, Mkristo anabeba amri mbili pamoja, wala hana ruhusa ya kuacha moja nje. Ya Kwanza inamkataza kuinama, kutoa ubani, kupokea baraka ya madhabahu, au kufanya mchezo wa kuabudu ili apate picha. Ya Nane inamkataza kumshuhudia jirani uongo. Katika Katekisimo Ndogo, ambayo tuliikariri utotoni, Luther anatufundisha kwamba amri hii haitoshi kwa kutosema uongo. Inatutaka tumtetee jirani, tumseme vema, na tuyapokee mambo yake kwa tafsiri iliyo njema. Hakuandika kwamba jirani huyo awe Mlutheri. Tukirudi nyumbani na kusimulia kwamba tuliona watu wajinga wakioga na mashetani, tumemshuhudia uongo bibi aliyekuwa akilia. Hatujui alimlilia nani.

Kipimo chake ni chepesi. Je, tungependa mgeni aingie Jumapili katika usharika wetu, ampige picha mama anayelia wakati wa maombi, kisha aende kwao akachekeshe watu? Na je, tungependa mgeni huyo ajongee mezani pa Bwana asichokiamini, kwa heshima tu? Yote mawili hatungependa. Basi tumeshapata mwongozo wa mwenendo wetu kwao.

Ndugu yetu aliyeusukuma mkono hakulala vizuri. Asubuhi ya kuondoka alimwomba mama shemasi amfasirie. Alimwambia dereva kwamba Bwana wake hamruhusu kula kilichotolewa madhabahuni, na kwamba atalishika hilo hadi kufa. Lakini mkono wake ulikosa adabu, na anaomba msamaha. Dereva alisikiliza. Alimwita "Bapak Pendeta", yaani Baba Mchungaji, na neno hilo pendeta kwa lugha yao huitwa pia kuhani wa Kihindu. Hakusema mengi. Njiani kuelekea uwanja wa ndege alisimamisha gari kwenye genge la matunda, akashuka, akarudi na chane ya ndizi. Akaiweka katikati yetu, akasema neno moja ambalo mkalimani alilitafsiri akicheka: "Sokoni."

Tulikula zote, wala hatukuuliza swali. Video ya bibi ilikuwa imeshafutwa.

Washarika walipotuuliza Jumapili iliyofuata tuliona nini huko, tuliwaambia habari za Blimbingsari na mpunga uliokauka, tukawaambia habari za sahani iliyofunikwa. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kama mama yule wa sahani ataokoka. Tulimjibu kwamba hukumu ni ya Mungu, na kwamba binti yake anamwombea kila siku. Tukamwomba na yeye amwombee. Alitoa kalamu, akaandika pembeni ya kitabu chake cha nyimbo: mama wa Bali.